Manowari ya Karatasi Ikigoma

Weka meli juu ya kioo. Usianzie mezani, meza ya chumbani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, ina bonde katikati, na nimewahi kuilaumu meli wiki nzima kwa kosa la seremala. Kioo cha dirisha cha milimita 5, kilichosuguliwa kingo kisikukate, kinatosha. Bonyeza omo, yaani ncha ya mbele, kwa kidole kimoja, halafu tezi, yaani nyuma, halafu pembe za nyuma moja baada ya nyingine. Ikicheza popote, inaumwa. Isipocheza na bado inakukera ukiitazama, inaumwa vilevile, ila ugonjwa wake ni wa aina nyingine.

Haya yote nimeyapata kwa manowari moja tu, ya Marekani, ya aina ya Arleigh Burke, kwa kipimo cha 1:200. Nimeijenga mara mbili kwa sababu ya kwanza iliishia jikoni kuwashia mkaa. Meli halisi ina urefu wa mita 155 na upana wa mita 20, kwa hiyo ya mezani inafika karibu sentimita 78 kwa 10. Mtu wa Kigoma ambaye hapati picha ya ukubwa huo aifikirie Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, yenye mita 71 hivi. Zipange Liemba mbili, moja nyuma ya nyingine, na manowari hii bado inazipita.

Kabla hujashika wembe kutibu chochote, elewa kwamba dalili na chanzo havikai nyumba moja. Kasoro unaiona leo kwenye sitaha, lakini uliitia kwenye mifupa wiki mbili nyuma. Watu wa mwambao wana methali yao, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini ndani ya chombo. Kwenye meli ya karatasi methali hiyo haina fumbo, ni maelekezo ya kazi. Tatizo likionekana juu, shuka ndani kwanza.

Haikai sawa kwenye kioo

Usiulize kwa nini imepinda. Uliza imepindia wapi. Wengi tunakimbilia kuibana kwa vitabu, inanyooka usiku, asubuhi tunaikuta imerudi ilikokuwa.

Kama mgongo umepanda na ncha zimeshuka, yaani ukichungulia chini katikati ya meli unaona mwanga, chanzo karibu kila mara ni unene wa kadibodi. Aliyechora mifupa alikadiria kadibodi ya milimita 1, akachora nafasi za kuchomekea mataruma, zile mbavu za ndani, kwa upana huohuo. Wewe ukatumia jalada la kaunta buku, kwa kuwa ni gumu na shule zikifungwa linapatikana bure. Mimi nilirundika vipande kumi vya majalada hayo nikavipima pamoja kwa rula, nikapata milimita 19. Kimoja kina karibu milimita 2, mara mbili ya kilichotakiwa. Mataruma 22 nikayachomeka kwa nguvu ya dole gumba, na kila moja likaingia.

Chanzo chenyewe sikukigundua mimi. Nilikuwa nimeibeba meli kwenye boksi la viatu vya mabuti, nikapita Kibirizi kununua dagaa, nikamkuta mzee mmoja fundi wa maboti ambaye huwa tunasalimiana.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umebeba nini humo?”

“Meli. Ya karatasi.”

Hakucheka. Aliifuta mikono kwenye kaptula, akaitoa, akafumba jicho moja, akaegemeza tezi kwenye shavu na kutazama mkuku, uti wa mgongo wa meli, mpaka omo, vilevile anavyotazama ubao kabla ya kuupiga randa.

“Mgongo umepanda,” akasema. “Mataruma umeyapiga nyundo?”

“Hapana mzee, dole gumba tu.”

“Ni yaleyale. Angalia.” Akanionyesha kwa ukucha. “Kila tundu limepanuka huku juu, huku chini halina habari.”

Ndivyo ilivyokuwa. Nafasi zilizopanuka juu zilikuwa zimerefusha ukingo wa juu wa mkuku, wa chini ukabaki ulivyo, na kitu kilichorefuka upande mmoja hakina pa kwenda ila kupinda. Mzee alinirudishia meli akaendelea na kalafati yake.

Kama hujabandika gundi, chomoa mataruma yote, kunja kipande cha msasa na upanue kila nafasi mpaka taruma liingie kwa uzito wake lenyewe. Kama gundi imeshashika, geuza meli, kata mkuku kutoka chini kwenda juu sehemu tatu katikati ya mataruma, ukiacha milimita 3 hivi bila kukata. Ilaze kwenye kioo, tandika mfuko wa nailoni chini yake isigande, weka uzito. Mikato itafunguka kidogo kama V. Ikiwa imelala hivyo hivyo chini ya uzito, bandika viraka vya kadibodi pande zote mbili za kila mkato na uondoke hapo. Kwa uzito mimi natumia pakiti za chumvi ya Uvinza. Kitabu kinagusa mahali pawili tu. Chumvi inajimwaga na kukaa kwenye kila umbo. Nne za kilo moja zinatosha meli nzima, na mama watoto akizihitaji zinarudi jikoni.

Zikiwa ncha ndizo zimepanda na tumbo ndilo limekaa, usiuguse mkuku, hauna kosa. Mwenye kosa ni sitaha. Uliipaka gundi nyeupe ya mbao sitaha nzima kama unapaka siagi kwenye mkate. Karatasi ikanywa maji ikatanuka, ukaibandika ikiwa imetanuka, na ilipokauka ikajivuta na kuzivuta ncha zote mbili juu kama upinde. Kata sitaha kwa kukingama, mahali patakapofunikwa na nyumba ya juu ili kovu lisionekane, bonyeza meli ilale, kisha ziba mkato kwa utepe mwembamba wa karatasi. Safari ijayo paka gundi juu ya kingo za mataruma, si kwenye karatasi, na uweke chumvi papo hapo kabla haijakauka.

Aina ya tatu ni msokoto. Pembe moja ya tezi iko hewani, na ukiibonyeza inanyanyuka ya upande wa pili. Huyu ni mgonjwa wa kuhurumiwa. Alibandikwa ngozi ya ubavu wa kulia yote, kutoka omo hadi tezi, mjenzi akaenda kulala, kesho yake ndipo ukaja ubavu wa kushoto. Ubavu wa kwanza ulipokauka ulivuta mwili mzima peke yake bila wa kushindana nao. Ngozi hubandikwa kwa zamu, kipande kulia, kipande kushoto, ukianzia katikati na kwenda kwenye ncha. Msokoto ukishafungwa na ngozi zote mbili, mimi sijaweza kuunyoosha bila kuchana upande mmoja. Niliyoichoma ilikuwa na huu.

Vipande havikutani

Hapa naungama. Kazi yangu ya kila siku ni kutoa kopi na kuprinti, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Dalili ni hii: umebandika ngozi kuanzia omo, kipande baada ya kipande, kila kimoja kinaonekana kimekaa vizuri, unafika tezi na kunabaki pengo la zaidi ya sentimita 2. Unaanza kumtukana mchoraji. Mchoraji hana kosa. Kosa liko kwenye dirisha dogo linalofunguka kabla ya kuprinti, ambalo wateja hawalioni na sisi wahudumu tunalipita kwa kubonyeza sawa, sawa. Humo programu inauliza kama ichapishe kwa ukubwa halisi au ibane ili ukurasa utoshe. Isipoguswa, mara nyingi inabana.

Baadhi ya faili za meli za karatasi zimepangwa kwa ukurasa wa Kimarekani, wenye milimita 216 kwa 279. Karatasi yetu ya A4 ni 210 kwa 297. Ukiiambia mashine ibane, itapunguza upana wa 216 ufike 210, na hapo tayari umepoteza karibu asilimia 3. Kwenye meli ya sentimita 78 hizo ni zaidi ya sentimita 2. Ikipungua meli yote hakuna hasara, unapata manowari ndogo kidogo na hakuna atakayejua. Mimi nilichapisha mifupa Jumatatu kwa mashine moja ikiwa kwenye ukubwa halisi, na ngozi Alhamisi kwa mashine ya pili ikiwa imebana. Mifupa mirefu, ngozi fupi. Nilidhani ni gundi.

Kwa hiyo, kabla ya kukata kipande hata kimoja, pima kwa rula urefu wa mkuku wote na urefu wa ngozi zote ukizijumlisha. Vitofautiane kwa kile kidogo kinachotokana na mviringo wa omo, si zaidi. Mchoro ukiwa na mstari wa kupimia wa milimita 100, upime kwenye kila ukurasa, si wa kwanza peke yake. Na mkienda kuprintisha mjini, msimwambie mhudumu “nitolee hii”. Mwambieni “asilimia mia, usibane”, na msimame hapo hapo. Atakunja uso lakini atafanya.

Kuna sababu nyingine ndogo. Printa ya leza hupitisha karatasi kwenye joto kali, karatasi inatoka kavu na imejivuta kidogo, kisha inakaa kwenye hewa yetu ya ziwani na kutanuka tena. Ziache karatasi usiku mzima zikiwa zimetandazwa kabla ya kukata. Ukikata zikiwa bado na moto wa mashine, utakata vizuri na kesho vitakuwa vipimo vingine.

Pengo likishatokea, liwe chini ya milimita 2, usilizibie tezi. Fungua kiungo cha ngozi kilicho katikati ya meli, juu ya taruma, na uingize utepe wa rangi ileile hapo. Ubavu wa katikati umenyooka na jicho halisimami. Ngozi ikizidi badala ya kupungua, punguza tezi, usithubutu kupunguza omo. Manowari za Marekani huandikwa namba kubwa nyeupe omo, na namba iliyokatwa mkia inaonekana toka mlangoni. Pengo likipita milimita 5, rudi kuprinti. Karatasi ni bei rahisi kuliko Jumamosi yako.

Ubavu umeota mbavu

Meli imekaa sawa, vipande vimekutana, lakini taa ikiwa pembeni unaona mataruma yamejichora kwenye ngozi kama ng'ombe wa Septemba. Mpwa wangu alinitetea. Alikuwa anatazama picha za meli yenyewe kwenye simu, akaniambia, “Mjomba, mbona hata ya kwao imekonda?”

Kasema kweli. Manowari halisi nazo huonyesha mbavu: bati limelehemewa kwenye mataruma, kulehemu kunalivuta, na bahari inalipiga kila siku, kwa hiyo jua likiwa chini unaona vivuli vya mraba ubavuni. Lakini bonde la sentimita 2 kwenye meli halisi ni sehemu ya kumi ya milimita kwenye ya 1:200. La kwangu ungeweza kuweka punje ya mchele.

Sababu ni tatu na mara nyingi zinakuja pamoja. Kuna taruma moja au mawili yaliyozidi. Pitisha rula nyembamba ya plastiki ubavuni kabla ya ngozi, uone inaruka wapi, na hapo piga msasa. Kuna gundi yenye maji iliyopakwa kila mahali. Na kuna karatasi laini mno: ya gramu 80, ile ya rimu, haifai kuwa ngozi ya mwili, inafaa vitu vidogo vya juu. Ngozi inataka gramu 160 hivi.

Dawa iliyonifaa ni ngozi mbili. Ya ndani ni manila nyeupe isiyo na picha, iliyokatwa vipande vya upana wa taruma hadi taruma, inayobandikwa kwanza na kupigwa msasa mpaka mkono haukwami. Ya nje yenye rangi inakuja juu yake, gundi ikiwa kingoni tu. Watu wengine hujaza nafasi kati ya mataruma kwa yale maboya meupe yanayokuja na boksi la televisheni, wanayachonga kufuata umbo. Ni wazo zuri, ila supa gluu inayayeyusha. Nimeona tone moja likichimba shimo la kuingia kidole gumba, na harufu yake ilikaa chumbani hadi Isha. Kwa maboya tumia gundi nyeupe tu.

Nyumba ya juu haifungi

Arleigh Burke inatambulika kwa ile nyumba ya mbele yenye kuta zilizoegemea ndani na sahani nne za rada, kila moja ikiwa na pembe nane. Zote nne ziko kwenye nyumba hiyohiyo, mbili zikitazama mbele na mbili nyuma, tofauti na ndugu zake wa Ticonderoga, ambao sahani ziligawanywa kati ya nyumba ya mbele na ya nyuma. Kwa kipimo chetu sahani moja ina upana wa milimita 18 hivi. Kuta hizo zote zinakutana kwenye pembe zisizo za mraba, na hapo nusu milimita inatosha kukunyima usingizi.

Paa likigoma kukaa, hesabu mikunjo kabla ya kukata chochote. Kila mkunjo uliokunjwa bila kuchorwa kwanza una mviringo badala ya kona, na mviringo unakula nafasi. Mikunjo minane, kila mmoja ukila robo ya milimita, imeshamaliza milimita 2. Chora mkunjo kwa ncha ya kalamu ya wino iliyokwisha, ukifuata rula ya chuma, kwa uzito wa mkono usiotoboa. Kwenye karatasi nene chora upande utakaokuwa nje ya kona.

Sababu ya pili ni ndimi, vile vishikio vyeupe vya kupakia gundi. Mchoraji anazipenda, mimi nazikata zote. Ulimi unaongeza unene wa karatasi upande mmoja wa kiungo na kuacha ngazi inayoonekana. Badala yake nabandika utepe wa karatasi nyuma ya ukuta mmoja, nusu ndani nusu nje, ukauke, halafu ukuta wa pili unakuja kukutana nao ukingo kwa ukingo. Unachelewa robo saa kwa kila kona. Kona zinakuwa kali kama za bati.

Nyumba ikishabandikwa vibaya juu ya sitaha, usivute. Chovya brashi ndogo kwenye maji, pitisha kwenye kiungo mara mbili tatu, subiri dakika kumi, ingiza wembe uliolala. Gundi nyeupe inakubali. Supa gluu haikubali, na ndiyo sababu siitumii kwenye kitu chochote ambacho nina wasiwasi nacho.

Weupe, mng'ao na wino unaolia

Hizi ni za haraka.

Kingo nyeupe kila mahali: karatasi ni nyeupe ndani na umeikata, basi. Paka rangi kwenye kingo kabla ya kubandika, si baada. Rangi za maji za watoto, nyeusi na nyeupe na chembe ya bluu, zinatoa kijivu cha manowari. Jaribu kwenye makapi ya ukurasa uleule, maana ikiwa mbichi inadanganya.

Wino umetoka na kidole: ulichapisha kwa printa ya wino, na gundi au jasho limeuyeyusha. Pulizia vanishi isiyong'aa ukurasa mzima kabla ya kukata, mara tatu kidogo kidogo, nje, kusiwe na upepo wa ziwani. Rangi imepasuka kwenye mikunjo na kudondoka unga: hiyo ni leza. Vanishi ileile, halafu gusia nyufa kwa brashi.

Madoa yanayong'aa ni gundi iliyofutwa kwa kidole. Gundi ikichuruzika iache, isubiri iwe kama mpira, iinue kwa ncha ya sindano. Ukungu mweupe kandokando ya kiungo ni moshi wa supa gluu uliotua, na hutokea zaidi ukifungia meli kwenye boksi kabla haijapumua, hasa masika. Doa la njano lisilofutika ni mawese. Uliila ndizi au maharage ya mawese ukarudi mezani bila sabuni. Halina dawa, geuza upande huo uangalie ukutani.

Mzinga umelegea, kamba zimelala

Mzinga wa mbele ni wa milimita 127, na kwenye meli za baadaye za aina hii mtutu wake ni mara 62 ya kipenyo hicho, yaani karibu mita 8. Kwa 1:200 unapata kijiti cha milimita 39 chenye unene wa milimita 1 na ushee. Karatasi iliyoviringishwa inaweza kufika hapo, lakini inafunguka, inakuwa na tumbo, au inapindia pembeni kama ndizi.

Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Ikunje bila kuibana, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, utahisi upande mmoja ni laini na mwingine unagoma. Mtutu uviringishwe kwa namna ile laini, nyuzi zikienda sambamba na urefu wa mtutu. Ukienda kinyume, gundi yote ya Lumumba Road haitautuliza. Lowanisha kidogo sana kwa ulimi, viringisha kwenye sindano ya kushonea magunia, chomoa sindano kabla ya raundi ya mwisho, ndipo utie gundi ukingoni. Ukiacha sindano ndani ipate gundi, umetengeneza sindano yenye karatasi.

Milingoti ikiinama baada ya kufunga kamba, lawama ni za uzi. Uzi wa pamba hujivuta ukipata unyevu. Ulifungwa kiangazi ukiwa umenyooka, mvua za Novemba zikaja, ukavuta mlingoti. Nenda Kibirizi wanakoshonea nyavu, omba nyuzi moja ya nailoni, uichambue upate ule unyuzi wa ndani kabisa. Ufunge ukiwa umelegea nusu ya unene wa kucha, usivute mpaka ulie. Mataa na antena zingine zinaweza kusubiri. Reli za pembeni ndizo zinazoonekana, na reli mbovu ni bora zisiwepo. Sitaha tupu inasameheka, reli zilizolewa hazisameheki.

Umemaliza, na kuna kipande mkononi

Kwanza angalia sakafuni kama kuna mwenzake. Halafu uliza unajenga meli ipi, maana Arleigh Burke si meli moja. Ya kwanza yenye jina hilo iliingia kazini 1991. Ina uwanja wa helikopta nyuma bila banda, na matundu 90 ya makombora sitahani. Kuanzia Oscar Austin, iliyoingia kazini 2000, kuna mabanda mawili ya helikopta na matundu 96, 32 mbele na 64 nyuma. Mitungi minane ya makombora ya Harpoon inayokaa nyuma kwa makundi ya minne minne iko kwenye zile za awali; za toleo la mabanda hazina. Kwa hiyo ukibaki na mitungi minane na meli yako ina mabanda, hujakosea. Mchoraji kaweka vipande vya meli mbili kwenye faili moja. Ukibaki na kimojawapo cha vile vifuniko vya makombora, hapo rudi uhesabu.

Mimi huandika namba ya kila kipande kwa penseli nyuma yake kabla ya kukikata, kwa sababu namba iliyochapwa iko nje ya mstari na inabaki kwenye makapi. Hapa mjini tuna mfano wa kazi hiyo. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafumuliwa, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka injini grisi nzito isiingie kutu, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina la Liemba. Kila nikitafuta kipande cha milimita 4 chini ya kitanda kwa tochi ya simu huwa nawafikiria wale watu na makasha yao.

Ilikuwa nzima, imeharibikia kabatini

Ikipinda miezi baada ya kumalizika, ni unyevu. Kuanzia Oktoba hadi Mei hewa ya hapa inanywesha karatasi usiku na kuikausha mchana. Vanishi ipakwe na chini pia, sio juu peke yake, la sivyo upande mmoja unapumua na mwingine haupumui, na umerudi kwenye ugonjwa wa kwanza. Rangi ikififia upande mmoja, dirisha liko upande huo.

Ukikuta kingo zimetafunwa, nusu mviringo ndogo ndogo kama za msumeno, na vidonge vyeusi pembeni, hao ni mende, na wamefuata gundi. Gundi ya unga wa ngano au ya muhogo, ile tuliyopikiwa utotoni kubandikia tiara, kwao ni ugali. Niliitumia kwenye viungo vya ndani vya meli ya kwanza ili kubana matumizi. Walianza na mabanda ya helikopta.